Moto Ukiletwa Mezani

Mlaji wa Goma hana mazoea ya kuuona moto unaomchomea nyama. Anachokiona ni moshi. Jua likianza kushuka upande wa Sake, moshi wa mbuzi hupanda nyuma ya kuta za mawe meusi ya volkano, Himbi, Katindo, Majengo mpaka Ndosho, na mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, chupa ya Primus mbele yake, anajua kwamba kule uani yuko anayeshughulika kwa ajili yake. Ameshaagiza brosheti, ametaja idadi, ameuliza kama ndizi zipo au ni viazi tu. Kuanzia hapo kazi yake ni kungoja, na kungoja kwenyewe kunaweza kula saa nzima bila mtu kununa, maana ndiyo nafasi ya mazungumzo.

Uani mchomaji ana pipa lililopasuliwa kwa urefu, makaa yaliyokwisha kuacha kutoa ndimi, na kipande cha katoni cha kupepea. Mbuzi wa milimani hana mafuta mengi, kwa hiyo kati ya minofu hupachikwa kipande cha mafuta na pete ya kitunguu. Mafuta yakiyeyuka hutiririka juu ya minofu jirani na kuizuia isikauke. Yakidondokea makaa, moto huruka, naye huusogeza mshikaki pembeni kabla nyama haijashika masizi. Hageuzi ovyo. Hubonyeza kwa kidole, hunyunyiza chumvi, husubiri. Sahani inapofika mezani nyama imeshamaliza safari yake, na mlaji amebakiwa na uamuzi mmoja tu: pilipili kiasi gani.

Mvushe sasa mlaji huyo mpaka wa Grande Barrière, mpandishe basi la Kigali, kilomita zipatazo 160 za kona na miteremko, kisha mketishe kwenye mkahawa wa Kikorea. Meza za namna hii hazijaingia katika maisha ya Goma. Za karibu ziko Kigali, Kampala na Nairobi, miji ambayo Wakorea wamehamia kwa biashara, ujenzi, misheni na mawasiliano. Mtandao wa 4G wa Rwanda, kwa mfano, ulizinduliwa mwaka 2014 kwa ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini. Palipo na wahandisi na wamisionari wa Kikorea, haipiti muda hujitokeza mtu wa kuwapikia, na wenyeji hufuata harufu.

Hapo ndipo mgeni anapopata mshtuko wake wa kwanza. Nyama inaletwa mbichi.

Meza yenyewe ina tundu katikati. Mhudumu huja na chungu cha chuma chenye makaa mekundu, hukitumbukiza tunduni, hutandika wavu juu yake, kisha huvuta kutoka darini bomba refu la bati mpaka mdomo wake ukaribiane na moto. Baadhi ya mikahawa hutumia gesi, na ladha hupungua, ingawa usafi huongezeka. Pembeni huwekwa koleo na mkasi. Mgeni hutafuta kisu asikione. Mkasi ule ule ambao kwao hukata vitambaa ndio utakaokata nyama, na hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kisu chochote cha mezani.

Watu wa Goma wana sababu ya kuliheshimu lile bomba kuliko wateja wengine. Kwenye mabonde ya kuelekea Mugunga na kandokando ya Ziwa Kivu, hewa ya ukaa kutoka chini ya ardhi hukusanyika karibu na udongo: ndiyo mazuku, inayoua mbuzi aliyefungwa bondeni na mtoto aliyeteremka kumfuata, bila rangi wala harufu ya kuwatahadharisha. Makaa yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, nayo haionekani wala hainukii. Wakorea wanalijua hilo kwa uchungu. Kwa miongo kadhaa nyumba zao zilipashwa joto kwa matofali ya makaa ya mawe yaliyochomwa chini ya sakafu, na kila majira ya baridi familia zilikutwa zimekufa usingizini. Bomba juu ya meza lisivute sawasawa, mteja anayo haki ya kuomba meza nyingine.

Orodha ya vyakula inaweza kuwa ndefu, lakini anayeanza anahitaji kuzijua nyama tatu. Bulgogi ni ng'ombe aliyekatwa vipande vyembamba kama karatasi na kulowekwa katika mchuzi wa soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na tunda lililosagwa, aghalabu peasi. Galbi ni mbavu za ng'ombe. Mnofu hupasuliwa na kukunjuliwa kutoka kwenye mfupa hadi uwe utepe mrefu, na mara nyingi hulowekwa katika mchuzi wa jamii hiyo hiyo. Suwon, mji ulio kusini mwa Seoul uliokuwa na soko kubwa la ng'ombe, ulijijengea jina kwa mbavu hizo. Ya tatu ni samgyopsali, tumbo la nguruwe lenye tabaka za nyama na mafuta, lisilolowekwa kitu chochote. Hiyo ndiyo inayopendwa na watu wa kawaida Korea, na tarehe 3 Machi imekuwa siku yake, kwa sababu jina lake linaanza na neno la tatu.

Nyama huuzwa kwa sehemu, gramu 150 hadi 200 kwa mtu, na mikahawa mingi haipokei oda iliyo chini ya sehemu mbili za nyama moja. Aliyekwenda peke yake atalazimika kula kwa wawili. Chakula hiki kimeundwa kwa ajili ya kundi, na mtu wa Goma, ambaye hajawahi kuona sahani moja ya mbuzi ikiliwa na mtu mmoja huku wenzake wakitazama, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mpangilio wa kuchoma una maana yake. Nyama isiyolowekwa hutangulia, iliyolowekwa hufuata, kwani sukari ya mchuzi huungua kwenye wavu na kuacha ukoko mweusi utakaochafua kila kitakachowekwa baadaye. Wavu ukishachafuka, huombwa mwingine. Hakuna aibu wala malipo ya ziada. Kipande cha tumbo la nguruwe huwekwa kizima, kirefu, unene wa karibu sentimita moja. Kosa la mgeni hapa ni mkono usiotulia: hugeuza, hubonyeza, hugeuza tena, mwisho nyama hupoteza maji yake na kuchemka badala ya kuchomeka. Huachwa mpaka umajimaji utokeze upande wa juu na ukingo wa chini uwe kahawia, ndipo hugeuzwa. Sasa mkasi huingia kazini: koleo mkono wa kushoto, mkasi wa kulia, vipande vya ukubwa wa tonge hudondoka juu ya wavu, na kila kimoja hupata nafasi ya kukauka ubavuni. Mafuta yanayotiririka hayapotei. Wakorea hupanga kimchi, kabichi iliyochachushwa na pilipili, pamoja na vitunguu saumu kwenye njia yake vikaangike humo, na kimchi iliyokaangwa katika mafuta hayo ni chakula kingine kabisa, uchachu wake umetulia na utamu umejitokeza.

Kuna jambo ambalo mchomaji wa Goma angelitambua mara moja angeketi kwenye meza hiyo: kazi yake yote imegawiwa wateja. Uamuzi wa lini kugeuza, kipande gani kihamishwe pembeni, nani hajapata, umetoka uani na kuwekwa mbele ya macho ya wote. Kwenye kundi la marafiki, mmoja hukamata koleo na kubaki nalo. Mara nyingi ni kijana kuliko wote au mwenyeji aliyewaalika wenzake. Akiwa hajui, wahudumu wa mikahawa mingi huja kumsaidia bila kuitwa, na mgeni asione haya kuwaachia; kuwatazama wakikata ni nusu ya somo.

Nyama ikiiva hailiwi hivi hivi. Jani la saladi hulazwa kiganjani, juu yake huwekwa kipande cha nyama, kitunguu saumu kibichi au kilichochomwa, kimchi kidogo, na tone la samjangi, uji mzito wa soya iliyochachushwa na pilipili. Jani hukunjwa, fundo zima huingia mdomoni kwa mara moja. Kuling'ata nusu ni kutafuta balaa: mchuzi humwagika kifuani na ladha hutawanyika. Mgeni kutoka Ulaya huhangaika hapa, kwa kuwa tangu utotoni amekatazwa kujaza mdomo na kula kwa mikono. Mtu wa Goma ameanza na mtaji. Anayefinyanga bugali kila siku, akalibonyeza kwa gumba na kuchotea sombe, vidole vyake vinajua kipimo cha tonge. Kitakachomsumbua ni vijiti vya chuma, vyembamba na vinavyoteleza, na kwa hilo kuna kijiko, kwa kuwa Wakorea wenyewe hula wali kwa kijiko.

Hata adabu ya meza haiko mbali. Eneo zima la Maziwa Makuu, kijana anapompa mzee mkono wa kulia hushika kigasha cha mkono huo kwa mkono wa kushoto. Mkorea anapommiminia mkubwa wake kinywaji hufanya vivyo hivyo, au hushika chupa kwa mikono miwili. Mkubwa ndiye anayeanza kula. Mtu hajijazii glasi yake, humjazia jirani, na jirani humrudishia. Kijana anayekunywa mbele ya mzee hugeuza uso pembeni kidogo. Familia ya Goma iliyokwenda kusherehekea mahafali Kigali inaweza kuketi kwenye meza hiyo na mambo yakaenda kama kwao. «Papa, hii imeiva, nikuwekee?» huuliza mwenye koleo. «Weka, mwanangu, ila usinisahaulie pilipili.»

Pilipili yenyewe ilifika kwa Wakorea na kwa Waafrika kutoka chanzo kimoja. Ni mmea wa Amerika, uliosambazwa na merikebu za Wareno tangu karne ya 16. Ulifika pwani za Afrika, ukafika Asia ya Mashariki, na Korea ukaingia karibu na mwisho wa karne hiyo. Kabla ya hapo kimchi haikuwa nyekundu. Mlaji wa Goma aliyezoea pilipili mbichi ya kusagwa, au Akabanga ya Nyirangarama inayotolewa kwa matone kutoka kichupa kidogo, atashangaa jinsi pilipili ya Kikorea ilivyo pole. Rangi yake inatisha kuliko makali yake. Hukaushwa juani, husagwa chengachenga, na kinachotafutwa ni utamu na harufu zaidi ya moto. Anayedhani atavunja rekodi ya makali mbele ya Wakorea amekosea uwanja. Wao ndio watakaolia wakionja Akabanga.

Wakati nyama bado mbichi, meza imeshajaa vibakuli: banchani, vyakula vidogo vya kusindikizia. Kimchi haikosekani. Kuna mchicha uliochemshwa na kuungwa mafuta ya ufuta, chipukizi za maharage, figili iliyotiwa siki, pengine kipande cha yai. Vibakuli hivi havilipiwi, na vikiisha hujazwa tena bure. Wageni wengi hawaamini. Hukaa wakihesabu vibakuli kichwani na kuhofia bili. Wengine hufanya kosa la kinyume, hushiba banchani kabla nyama haijagusa wavu.

Kibakuli kimoja kitamsimamisha mtu wa Kivu. Ni samaki wadogo waliokaushwa, wakakaangwa kwa mchuzi wa soya na sukari hadi wakang'aa, wanaoliwa wazima na vichwa vyao. Kwa macho, ni sambaza. Si jamaa wa karibu kabisa, lakini wazo ni lile lile: samaki asiyefikia urefu wa kidole, anayekauka haraka, anayebeba ladha ya sufuria nzima. Sambaza naye ni mgeni katika Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na maji mengi ya wazi yasiyo na samaki wa kuyatumia, na katika muda wa kizazi kimoja akawa tegemeo la soko la Kituku na la wavuvi wanaotoka usiku na mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu. Chakula kinachoonekana cha asili kinaweza kuwa na umri mfupi kuliko bibi anayekipika.

Choma ya Kikorea yenyewe iko hivyo. Vitabu vya utalii hupenda kuirudisha nyuma maelfu ya miaka, na ni kweli kwamba nyama ya kulowekwa na kuchomwa ilijulikana katika jumba la wafalme. Lakini watu wa kawaida hawakuwa na nyama. Chini ya wafalme wa Joseon uchinjaji wa ng'ombe ulipigwa marufuku mara kwa mara, maana ng'ombe alikuwa wa jembe. Ukafuata utawala wa Japani kuanzia 1910 hadi 1945, kisha vita vya 1950 hadi 1953 vilivyoiacha nchi magofu. Miaka hiyo watu wa karibu na kambi za Wamarekani walipika mchuzi kwa mabaki ya soseji na nyama za makopo, na mchuzi huo bado unauzwa Seoul leo, umekuwa chakula cha heshima. Nyama mezani kila wiki ilikuja na ajira za viwandani za miaka ya 1970, na jiko dogo la gesi la kubebeka lilipoenea katika miaka ya 1980, ndipo kuchoma tumbo la nguruwe kukawa burudani ya jioni ya kila mfanyakazi. Mzee wa Seoul mwenye miaka 80 anakumbuka nyama ilipokuwa ya sikukuu tu.

Msomaji wa Goma anaielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Mji umeungua mara mbili ndani ya miaka ishirini: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuwaacha watu zaidi ya laki moja bila makao, tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena, na siku chache baadaye mitaa kadhaa ikaamriwa kuhama. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukasimama, fedha taslimu zikaadimika. Masisi, yenye malisho ya ng'ombe na jibini, ilikuwa vitani kabla ya hapo. Katika mji wa namna hiyo brosheti nne na chupa moja ni jambo linalopangwa, na anayelipanga anastahili kula vizuri. Kuandika juu ya nyama katikati ya habari kama hizo kunaonekana kwa wengine kama utovu wa adabu. Lakini majiko ya Goma hayakuzimika, watu waliendelea kuketi pamoja jioni, na huo ni ukweli wa mji kama ulivyo ukweli wa mizinga.

Suala zito zaidi liko chini ya wavu. Goma inapika kwa makaa, au makala kama wenyeji wanavyoyaita, na sehemu kubwa ya makaa hayo kwa miaka mingi imetoka katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuwekwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979. Miti ya hifadhi hukatwa, huchomwa msituni chini ya udongo, na magunia hushuka mjini kwa malori na kwa chukudu, baiskeli za mbao. Biashara hiyo haramu imelisha makundi yenye silaha. Julai 2007 sokwe wa milimani waliuawa kwa risasi katika hifadhi hiyo, miongoni mwao Senkwekwe, dume aliyeongoza familia ya Rugendo, na mauaji yakahusishwa na wafanyabiashara wa makaa waliotaka kuwatisha walinzi. Vita vya 2022 hadi 2024 vilipojaza kambi za wakimbizi Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, mamia ya maelfu ya watu walihitaji kuni kila siku, na msitu ulikuwa pale pale, upande wa pili wa barabara.

Juhudi zimefanyika. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala, wakulima wa Kivu Kaskazini wakapanda maelfu ya hekta za miti ya kukua haraka kwa ajili ya makaa halali. Desemba 2015 kituo cha umeme wa maji cha Matebe, Rutshuru, chenye uwezo wa megawati 13.8, kilizinduliwa, na nyaya zake baadaye zikafika Goma. Lakini hakuna mchomaji aliyeachana na pipa lake, na sababu inajulikana na kila mwenye ulimi: umeme hautoi moshi.

Korea nayo iliwahi kuwa na milima mitupu. Baada ya vita, picha za nchi hiyo zinaonyesha vilima vyekundu vilivyokatwa miti hadi kileleni, kwa kuni za kupikia na kupasha sakafu joto. Mwaka 1973 serikali ilianza mpango wa miaka kumi wa kupanda hekta milioni moja. Lengo lilifikiwa mwaka 1978. Mpango huo haukusimama juu ya miche peke yake. Familia zilihamishwa kutoka kwenye kuni kwenda kwenye yale matofali ya makaa ya mawe, yaliyookoa msitu na kuua watu kwa gesi, hadi gesi ya mabomba na umeme vilipoyaondoa majumbani. Leo zaidi ya asilimia 60 ya nchi ni msitu, na makaa ya miti yamebaki pale yanapohitajika hasa, katikati ya meza ya kuchomea nyama.

Na hapo ile meza yenye tundu inakuwa na jambo la kumwonyesha mtu wa Goma. Chungu kimoja cha makaa, kidogo, kinatosha watu wanne, kwa kuwa nyama imekatwa nyembamba. Bulgogi huiva kwa dakika moja au mbili. Mbuzi wa minofu minene anadai moto wa muda mrefu, na moto huo unakula gunia. Kisu kikali kinapunguza makaa kabla kiberiti hakijawashwa, na aliyeketi mezani anaiona hesabu hiyo kwa macho yake, kaa kwa kaa.

Kwa msomaji Mwislamu, wa Birere au wa kokote, kuna mambo ya kuuliza kabla ya kuagiza. Nguruwe ni kipenzi cha mikahawa hii, na wavu au mkasi uliomhudumia unaweza kuhamia kwenye mbavu za ng'ombe. Baadhi ya wapishi hutia mvinyo wa mchele katika mchuzi wa kulowekea. Soju, kinywaji kikali kisicho na rangi kinachopangwa mezani, ni rahisi kukitambua. Kilichomo ndani ya mchuzi hakionekani, kwa hiyo mpishi aulizwe waziwazi, na kama jibu linayumba, ni bora kula samaki.

Anayetaka kujaribu nyumbani hahitaji pasipoti. Parseli yoyote ya Himbi au Ndosho ina mbabula, na mbabula iliyowekwa juu ya tofali katikati ya duara la viti, uani na kwenye hewa wazi, inatosha kuwa meza ya Kikorea. Isiingizwe sebuleni hata mvua ikinyesha. Nyama iwe ya ng'ombe, sarara au paja lisilo na mishipa. Igandishwe nusu ili kisu kiikate nyembamba bila kuteleza. Umeme ukikatika, mchinjaji mwenye mkono mzuri ataikata mwenyewe akiombwa kwa upole. Kwa kilo moja, vijiko vinane vya chakula vya mchuzi wa soya, vinne vya sukari, viwili vya mafuta ya ufuta, vitunguu saumu punje nane zilizopondwa, nusu ya kitunguu maji kilichosagwa. Peasi za Kikorea hazipatikani, lakini nanasi lipo, na lina nguvu zaidi: vijiko viwili vya nanasi lililosagwa vinatosha, kwa nusu saa tu, kisha nyama iende motoni. Ikikaa zaidi inalegea kama uji. Wapishi wa mishikaki wa pwani, Mombasa na Zanzibar, wanaijua kanuni hiyo kwa papai bichi.

Saladi ya bustani za Goma itafaa badala ya ile ya Kikorea, mradi ioshwe kwa maji salama, maana italiwa mbichi na kipindupindu si mgeni mjini. Badala ya samjangi, karanga zilizosagwa na pilipili na soya kidogo hutoa kitu kingine kitamu, ambacho Mkorea hatakitambua na hatakikataa. Ndizi za kuchoma zina nafasi yake pembeni ya wavu, na hakuna sheria ya Seoul inayozizuia.

Kimchi ndiyo inayohitaji kutangulia. Kabichi za Kibumba ni ngumu kuliko za Korea, kwa hiyo zikatwe vipande vidogo, zipakwe chumvi, ziachwe saa mbili hadi zilegee, kisha zioshwe na kukamuliwa. Zichanganywe na pilipili kavu isiyo kali sana, tangawizi, kitunguu saumu, kijiko cha sukari na kiganja cha sambaza wakavu waliotwangwa hadi unga, wanaoshika nafasi ya mchuzi wa samaki. Zishindiliwe kwenye chupa pana bila kuijaza mpaka mdomoni, kwa sababu zitavimba na kutoa povu. Kwa baridi ya Goma, siku mbili au tatu jikoni zinatosha kuzitia chachu. Mwenye wageni Jumapili aanze Alhamisi, afungue kifuniko mara moja kwa siku kutoa hewa, na aonje Jumamosi jioni.